Dawa Isiyoshukuriwa

Jumatatu asubuhi Komisario hakumpiga mtu pembe, na hapo ndipo Zulma alipojua kuna jambo.

Kondoo dume yule aliitwa Komisario kwa sababu alikuwa na tabia ya mkuu wa polisi wa zamani: anapiga kwanza, maswali baadaye. Tangu aletwe pale kwa akina Techera kupanda majike, alikuwa amekwisha kumwangusha Doroteo, mume wa Zulma, mara nyingi kuliko divai. Alivunja ndoo, alipasua mlango wa banda la kuku, na kila kulipokucha alipigana na nguzo ya lango kama mtu na mgoni wake. Lakini asubuhi ile Zulma aliingia zizini na maji, mwili kaukaza kusubiri kipigo, na kipigo hakikuja. Komisario alikuwa amesimama peke yake kivulini, mbali na majike, kichwa kakilaza upande, sikio moja limelegea. Alipiga mguu chini, akatikisa kichwa, akajisugua pembe kwenye waya, kisha akatulia tena kama anayesikiliza habari mbaya.

Zulma akaweka ndoo chini, akarudi nyumbani.

Mumewe na mama mkwe wake walikuwa barazani, birika katikati yao, wakipokezana kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani inayonyonywa kwa mrija. Doroteo alikuwa mtu mnene mwenye moyo mwepesi, mwepesi wa kuamini na mwepesi wa kulala. Mama yake, Doña Clodomira, alikuwa mkavu kama kuni na aliona kila kitu kutoka kwenye kiti chake bila kuinuka.

"Komisario anaumwa," alisema Zulma.

"Anaumwa nini? Kachoka tu," alijibu Doroteo. "Wake zizi zima, Zulma! Mimi nina mmoja, na niangalie nilivyo."

"Ni jicho hilo," alisema Doña Clodomira. "Watu wamemsifia mno. Asante, mwanangu." Akarudisha kibuyu.

Zulma akakipokea na kukiweka upande wa mumewe, kwa sababu kwetu huku neno hilo, likisemwa mbele ya birika, si adabu tu. Maana yake umetosheka, usimiminiwe tena. Wapenzi wa yerba hujifunza kufunga midomo, na Doroteo alikuwa mpenzi mkubwa. Zulma hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kumsikia mumewe akisema asante, kwa kibuyu wala kwa kitu kingine chochote.

"Twende ukamshike," alimwambia. "Nataka kumtazama kichwani."

Doroteo akaguna, lakini akaenda, maana hata yeye alijua kondoo yule ni wa nani. Alikuwa wa Doña Elvia Pintos, mjane wa ng'ambo ya kijito. Mwaka uliopita Doña Elvia alimwazima Doroteo ngazi, ikarudi ina vipago vichache kuliko ilivyokwenda. Kwa hiyo safari hii, alipomtoa Komisario, alisema mbele ya watu dukani: "Kondoo wangu akirudi na kasoro, ng'ombe wako wa maziwa anahamia kwangu." Na Doroteo, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, akasema haya, bila kumuuliza Zulma. Ng'ombe mwenyewe, Paloma, alikuwa mmoja tu, na jibini la maziwa yake, ambalo Zulma alilipeleka mjini kila wiki, ndilo lililoiweka nyumba ile ikila na kuvaa. Doña Elvia angekuja kumchukua kondoo wake Jumamosi.

Walimbana Komisario kwenye kona. Hakupigana, na hilo lenyewe lilitisha. Zulma aliinama, akanusa kabla ya kutazama. Kisha akapanua sufu kwenye shina la pembe ya kulia. Ilikuwa imelowa, nyeusi, imegandamana. Chini yake palikuwa na tundu, na ndani ya tundu palikuwa pakichemka kama uji.

"Funza," alisema. "Alijichubua kwenye nguzo, nzi akataga kwenye jeraha. Hawa hawali kilichooza, Doroteo, wanakula nyama nzima. Wameshaelekea ndani. Lete mkasi na kopo la ile dawa ya zambarau."

Doroteo akatazama viatu vyake.

"Dawa iko wapi, Doroteo?"

"Imekwisha."

"Imekwishaje? Kopo lilikuwa nusu!"

"Lile boya langu la kuvulia," alisema Doroteo polepole, "samaki walikuwa hawalioni. Nikaona zambarau ni rangi nzuri."

Zulma alifumba macho. Alipoyafumbua, mumewe alikuwa amekwisha kuitoa simu mfukoni, na uso umechangamka.

"Kwani tunahitaji dawa? Nampigia Don Ladislao."

*

Don Ladislao alikaa nyuma ya kilima na kuponya funza kwa maneno. Hakuhitaji kumwona mnyama. Zamani watu walimwendea kwa farasi. Siku hizi walimpigia simu, naye aliponya akiwa kitandani. Doroteo aliweka simu kwenye sauti kubwa ili mkewe asikie na apate imani.

"Rangi?" sauti iliuliza.

"Mweupe, Don Ladislao. Yaani, alikuwa mweupe."

"Dume, jike?"

"Dume! Dume hasa, muulize yeyote huku."

"Yuko upande gani kutoka kwangu?"

Doroteo akanyoosha mkono, akazunguka papo hapo, mara huku mara kule, mama yake akimwonyesha kwa kidevu. "Jua linakozama," alisema hatimaye. "Kushoto kidogo."

"Sikiliza. Tafuta unyayo wake, ukate kwa kisu pamoja na udongo wake, uupindue chini juu. Mnyama usimguse. Dawa usitie, maneno na dawa havilali kitanda kimoja. Na wewe mwenye shida usimtupie jicho mpaka Jumamosi. Nimekwisha kuyasema."

"Umeshasema?"

"Wakati ulipokuwa ukitafuta magharibi."

"Loo! Asa..." alisema Doroteo, kisha akauuma ulimi. Hata mtoto huku anajua kwamba maneno yale hayalipwi wala hayashukuriwi. Ukishukuru, uponyaji unavunjika, na funza wanarudi na jamaa zao.

Sauti simuni ikakaza. "Umesema nini?"

"Asali, Don Ladislao! Nasema, huku kwetu mwaka huu kuna asali."

"Inanihusu nini mimi?"

"Haikuhusu hata kidogo. Kwaheri!"

Alifuta jasho, akachukua kisu cha mkate na kwenda kwenye matope ya birika la kunyweshea. Alichuchumaa, akachagua unyayo, akaukata kama anayekata keki na kuupindua kwa heshima zote. Doña Clodomira alimtazama kutoka barazani, akakunja uso, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Atakufa, Doroteo," alisema Zulma.

"Atakufa ukimgusa. Imani yako ndogo, mke wangu. Nenda kapike."

*

Jumanne Doroteo alipita mbele ya zizi kofia kaitegesha upande wa uso, kama bwana harusi anayemkwepa mchumba wa zamani. Alimfukuza hata mbwa asichungulie. Akapita tena, kinyumenyume, akajikwaa kwenye ndoo. Jioni alitangaza kwamba harufu ikizidi ni dalili njema, funza wanatoka na uchafu wao.

Harufu ilizidi kweli. Komisario aliacha kula. Zulma alisimama langoni na kumtazama, kwa kuwa yeye hakukatazwa, na akaona jike mmoja akimsogelea, akanusa, akaondoka zake.

Zulma aliumia. Si kwa ajili ya kondoo peke yake, wala Paloma peke yake. Kilichomuuma ni kwamba mumewe aliwasikiliza watu wote wa nchi hii, hata sauti isiyo na uso ndani ya simu, isipokuwa yeye aliyekuwa ametia kidole kwenye kidonda.

Jumatano alijifunga kitambaa kichwani, akavuka kijito. Dawa nyingine ya karibu ilikuwa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Doña Elvia Pintos.

Doña Elvia alikuwa akipepeta maharage mlangoni. Alikuwa na macho madogo yaliyotulia, ya mtu aliyezoea kukagua mifugo na waume za watu.

"Doña Elvia, shikamoo. Naomba unipunguzie dawa ya funza kidogo."

"Ya nani?"

"Ya mbwa," alisema Zulma. "Ana kidonda."

"Pole yake. Mbwa yupi?"

"Tigre. Yule mwenye madoa. Yuko hoi, Doña Elvia, hainuki."

Hapo Tigre, ambaye alikuwa amemfuata kimyakimya kutoka nyumbani, akatokea nyuma ya sketi yake, akaruka ua, akamzunguka kuku wa Doña Elvia mara mbili, akaja kumlamba mjane mkono, mkia ukipepea kama wa mgombea kura.

Wanawake wawili wakamtazama.

"Ana nguvu kwa mgonjwa," alisema Doña Elvia.

"Ni homa hiyo," alisema Zulma. "Inampandisha."

Masikio yalimwaka. Angeweza kugeuka na kukimbia, lakini alimkumbuka Paloma, akasimama palepale na aibu yake. Doña Elvia alipepeta maharage mara moja tena, akainuka, akaingia ndani. Alitoka na kopo zima.

"Kata sufu mpaka uone ngozi safi pande zote," alisema. "Mbwa wa siku hizi wana sufu nyingi. Na funza usiwamwage chini, watageuka nzi. Watie kwenye mafuta ya taa."

*

Doroteo alikuwa amelala usingizi wa baada ya chakula, mkoromo wake ukisikika mpaka kisimani. Zulma akapita mgongoni mwa nyumba na mkasi, kibanio, kikopo cha mafuta ya taa na dawa chini ya aproni. Alipofika langoni alisimama ghafla. Doña Clodomira alikuwa ameketi pale juu ya ndoo, fimbo magotini, akimsubiri.

"Unakwenda wapi na mkasi?"

"Mama, nisamehe. Najua unayaamini maneno ya Don Ladislao..."

"Naamini sana. Yalimponyea marehemu baba yangu farasi watatu." Mwanamke mzee akashusha sauti. "Tatizo si maneno. Tatizo ni mwanangu. Unyayo aliopindua siku ile si wa kondoo."

"Ni wa nani?"

"Wa nguruwe."

Zulma aligeuka kutazama kule kwenye matope ya birika la kunyweshea.

"Nimekaa na wanyama miaka yangu yote, nitashindwa kujua kwato ya nguruwe? Nilitaka kusema, nikaona aibu, mwanangu mzima hajui. Kwa hiyo Don Ladislao wa watu anahangaika tangu Jumatatu kumponya nguruwe ambaye haumwi." Akainuka. "Nguruwe ataishi miaka mia. Kondoo hana mtu. Lete huo mkasi, mimi nitashika pembe."

Walimlaza Komisario kivulini. Doña Clodomira akamkalia shingoni, sketi na yote, akashika pembe kama usukani. Zulma alikata sufu kuizunguka pembe, akaendelea kukata hata pale palipoonekana pazima, kwa sababu funza hupenda kujificha mahali mtu alipochoka kutafuta. Alikata mpaka ngozi ikawa nyeupe na kavu pande zote. Tundu likaonekana lote, funza wamejipanga ndani vichwa chini, mikia juu, wamebanana.

"Msalie Mungu wako," alisema Doña Clodomira, akageuza uso.

Zulma akamimina dawa. Funza wakachafukwa, wakaanza kusukumana kutoka nje, naye akawachukua kwa kibanio na kuwatia kwenye mafuta ya taa. Waliokwama alisubiri, akamimina tena. Komisario alitweta, jicho limemtoka, lakini hakupiga teke. Zulma aliongea naye muda wote, maneno yasiyo na maana, tulia baba, tulia mzee wangu, karibu tunamaliza. Tundu lilipobaki jekundu bila kitu kinachotikisika ndani, alilisafisha kwa maji ya chumvi, akapaka zambarau ndani, akaipaka na duara pana nje ili nzi wasitue. Kisha akamkagua mkiani, chini ya tumbo na kwenye kwato, maana nzi akikaribishwa mahali pamoja hujikaribisha pengine. Hakukuta kitu.

"Na wewe umeyasema maneno yako," alisema Doña Clodomira, akijipangusa sketi. "Nilikusikia."

Siku hiyo jioni mezani Doroteo alitazama mikono ya mkewe. "Vidole vimefanya nini?"

"Zabibu."

"Tuna zabibu?"

"Tulikuwa nazo."

Doroteo akasikitika kwamba hakubakishiwa, akaendelea kula.

Alhamisi mchana Zulma alirudia dawa. Tundu lilikuwa kavu, na Komisario alikuwa amekula. Ijumaa, alipokuwa akifungua kopo, kondoo alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa, akamtandika pembe ya paja mpaka akakaa chini. Zulma alikaa palepale kwenye vumbi, kashika paja, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

*

Doña Elvia alifika Jumamosi asubuhi na gari lake bovu la kubebea mifugo. Alikuja na kamba mbili. Moja ilikuwa ndefu kuliko inayomtosha kondoo, na Doroteo aliiona.

"Karibu, Doña Elvia, karibu!" alisema kwa sauti kubwa. "Sikufichi, Komisario aliugua kidogo. Funza. Lakini nilishughulikia mwenyewe. Don Ladislao kamponya kwa maneno, hakuguswa na mtu."

"Hakuguswa?"

"Hata na mimi. Sijamtupia jicho siku zote hizi. Leo ndiyo tunamwona pamoja."

Akatembea mbele kwa madaha, akafungua lango. Komisario akageuka. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa upara, na upara wote ulikuwa wa zambarau, iliyokolea, inayong'aa juani.



"Maneno ya Ladislao," alisema Doña Elvia, "siku hizi yana rangi."

Doroteo akatazama kondoo. Akatazama boya lake la kuvulia lililotundikwa ukutani. Kisha, taratibu, kama anayesoma barua ndefu, akatazama vidole vya mkewe. Bado alikuwa akivitazama Komisario alipokuja mbio na kumkumba tumboni.

Doña Elvia hakumngoja ainuke. Alimshika kondoo pembe, akabonyeza pembeni mwa jeraha kwa kidole gumba, akanusa. Zulma alishika nguzo ya lango. Kutoka zizi la pili Paloma alilia.

"Pasafi," alisema Doña Elvia. "Panafunga vizuri kabisa. Na mbwa wako, Zulma, naona ameota pembe."

"Ulijua," alisema Zulma.

"Wakati mkia wake ulipopepea mbele ya maharage yangu."

"Mbona ulinipa dawa? Ungenyamaza tu, Paloma angekuwa wako."

"Ng'ombe ni wako. Kondoo ni wangu, nami nilimtaka kondoo wangu." Akamfunga Komisario kwa kamba fupi, ile ndefu akaizungusha begani. Alipopita pale Doroteo alipoketi vumbini, alisimama kidogo. "Ngazi yangu bado nakudai," alisema, akaondoka.

*

Walikaa barazani, watatu, birika katikati. Doña Clodomira akamweleza mwanawe habari za nguruwe, kwa kifupi na bila huruma. Doroteo hakujitetea. Alikuwa amejishika tumbo, na uso wake mnene umekunjamana kama wa mtoto aliyekamatwa na sukari.

Zulma alitia yerba mpya kwenye kibuyu. Alikuwa na hasira, nayo ilikuwa haki yake, na hakuwa na haraka ya kuimaliza. Alimimina maji, akampa mumewe kibuyu bila kumtazama.

Doroteo akavuta mrija mpaka kibuyu kikakoroma. Akakishika kidogo mikononi, akakigeuza huku na huku. Kisha akakirudisha.

"Asante," alisema.

Doña Clodomira akainua kichwa. Kilikuwa kibuyu chake cha kwanza asubuhi ile, na katika maisha yake yote Doroteo Techera hakuwahi kutosheka na kimoja. Zulma naye alisimamisha birika hewani, mvuke ukitoka, vidole vyake vya zambarau vimeshika mpini.

"Ya kibuyu," aliuliza, "au ya kondoo?"

"Ya kondoo," alisema Doroteo. "Kibuyu, nimiminie kingine."